Neno Walilopewa na Bwana Hallam

Bwana Hallam hakushuka farasi. Alimsimamisha mlangoni mwa banda la kuwekea kitani, mzungu na mnyama wakaziba mwanga wote, na watu waliokuwa wameketi juu ya magunia wakainuka kama walivyozoea kuinuka kila alipotokea. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mwalimu Walubengo alikuwa mbele, ameshika kipande cha chokaa. Nyuma yake lilisimama debe la mafuta ya taa lililopasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likapakwa masizi. Hilo ndilo lililokuwa ubao wao.

Mzungu akaanza kusema. Hakutumia kile Kiswahili chake cha shambani alichowafokea nacho wakati wa kuvuna. Alisema Kiingereza, tena kirefu, na macho yake yalikuwa kwa mwalimu peke yake, kana kwamba wengine wote walikuwa sehemu ya magunia. Kavetsa, aliyeketi mbele, alidaka neno la Jumapili, akadaka "my", ambalo alijua ni yangu, na mengine yote yakampita. Mwishowe Bwana Hallam aliinua fimbo yake ya farasi, akamwelekezea Walubengo kifuani.

"Desist," alisema. Halafu akalirudia kwa nguvu, "Desist!"

Akageuza farasi, akaenda zake.

Watu walibaki wamesimama hadi kwato zikapotea upande wa zizi. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Jepkosgei, mke wa mmoja wa maskwota waliolisha ng'ombe wao sehemu ya juu ya shamba. Alikuwa na mtoto mgongoni, na siku zote aliuliza kile wengine walichokuwa wanaogopa kuuliza.

"Mwalimu, amesema nini?"

"Amekasirika," Walubengo alijibu.

"Hiyo tumeiona. Hilo neno la mwisho ndilo nauliza."

Walubengo alikuwa kijana wa Kibukusu, karani wa ghala la mahindi, aliyesoma misheni mpaka karo ikamshinda. Angeweza kutunga maana yoyote, na hakuna hata mmoja pale ambaye angejua. Badala yake aliifuta chokaa kwenye suruali, akasema, "Hilo silijui. Sijawahi kukutana nalo."

"Mimi nimesikia sista," alisema Kimutai, mwendesha maksai wa jembe. "Labda anataka tumlete sista wa misheni."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na woga ndani yake. Mtu mmoja nyuma akasema hakuna haja ya kujua. Sauti ya mzungu ilitosha, alikuwa anawakataza kusoma Kiingereza, na hata maksai wa Kimutai wangeelewa hivyo.

"Maksai huelewa kiboko," alisema Kavetsa. "Mimi nataka kuelewa neno."

Alisema kwa upole, lakini watu waligeuka wakamtazama, kwa sababu Kavetsa hakuwa msemaji. Alikuwa mwanamke wa Kimaragoli, mrefu, mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni na maji ya moto. Dobi wa nyumba kubwa alikuwa ameondoka kwenda Kisumu na hakurudi, na Memsaab alipokosa mwanamume wa kufua akamwita yeye. Tangu hapo ndiye aliyefua na kupiga pasi nguo za akina Hallam. Mume wake, Elphas, alikamua ng'ombe wa shamba hilohilo. Elphas hakuja darasani. Alisema Kiingereza ni kama viatu vya mzungu: ukionekana navyo unaulizwa umevitoa wapi.

Kavetsa alikuwa na sababu yake, na hakuwa amemwambia mtu isipokuwa Jepkosgei. Mtoto wake wa kwanza, Kageha, alipougua, alimbeba mpaka Eldoret, kwenye hospitali ya wenyeji. Daktari alimpima mtoto, halafu akazungumza na muuguzi wake kwa Kiingereza, taratibu, kwa sauti nzuri ya kiungwana. Kavetsa alikuwa amekaa hapohapo katikati yao. Aliiona ile sauti nzuri akadhani habari ni njema. Alitabasamu. Alimshukuru daktari kwa mikono miwili. Akarudi nyumbani akamwambia Elphas kwamba mtoto atapona. Muuguzi alikuja kukutana naye baadaye, baada ya kaburi, na ndipo alipojua kwamba siku ile daktari alikuwa anasema hapakuwa na la kufanya. Watu waliacha kumwita Mama Kageha, wakarudia kumwita Kavetsa. Kilichomla moyo hata kuliko kifo chenyewe ni lile tabasamu. Alijiona ameketi pale anacheka na kushukuru, huku watu wawili wakimzika mwanawe kwa maneno juu ya kichwa chake.

Basi darasa lilipoanza kwenye banda la kitani, alikuwa wa kwanza kuketi mbele.

"Tusikilizane," alisema sasa. "Bwana ametupa amri. Amri ina neno ndani yake. Mimi siwezi kutii wala kukataa neno ambalo silijui. Wacha kwanza tulijue, ndiyo tujue la kufanya."

"Na tutalijulia wapi?" aliuliza Walubengo.

"Mimi nitaliuliza kwa wenyewe," Kavetsa akajibu.

Jumatano ilikuwa siku ya pasi. Chumba cha kupigia pasi kilikuwa nyuma ya jiko, na Memsaab Hallam alipenda kuja kusimama hapo mlangoni, hasa siku za baridi, kwa sababu pasi ya mkaa ilipasha chumba joto. Kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu wa shule huko kwao Uingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, kwa kuwa alikuwa amekubali kusahihishwa na mpishi.

Kavetsa alinyoosha kola ya shati la Bwana, akasema bila kuinua kichwa, "Memsaab, naomba kuuliza. Desist ni nini?"

Memsaab alishtuka kidogo, kisha akafurahi. Kuna watu ambao ukiwauliza jambo wanalolijua husahau kila kitu kingine, na huyu alikuwa mmoja wao.

"Ni kuacha," alisema. "Lakini siyo kuacha kama unavyoacha kikombe mezani. Ni kuacha jambo ambalo unalifanya sasa hivi. Na ni neno kubwa. Sisi wenyewe hatulitumii jikoni."

"Linatumika wapi?"

"Kortini. Kwenye matangazo ya serikali. Na ukilitumia lazima ulifuatishe na 'from', halafu ndiyo utaje jambo lenyewe. Desist from shouting. Acha kupiga kelele." Alitikisa kidole kama aliye mbele ya darasa. "Sema."

"Desist from shouting," alisema Kavetsa.

"Vizuri sana!"

"Nani humwambia mwenzake, Memsaab? Mimi naweza kumwambia Jepkosgei?"

"Ungeonekana unajikweza. Hakimu humwambia mshitakiwa. Mwenye amri humwambia asiye na amri."

"Na asiye na amri akimwambia mwenye amri?"

"Halitumiki hivyo," Memsaab alisema. Kisha akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Umelisikia wapi neno hili, Kavetsa?"

"Bwana alitupa, Jumapili."

Mkaa ulipasuka ndani ya pasi. Memsaab alikunja mikono yake kifuani, akasema lile shati limeanza kuungua, ingawa halikuwa linaungua, akatoka.

Jumapili iliyofuata banda lilijaa kuliko siku zote. Habari zilikuwa zimepita kwenye nyumba za wafanyakazi na kwenye maboma ya maskwota, kwamba dobi amelileta lile neno. Hata waliokuwa wameapa kutorudi walirudi, maana kila mtu alitaka kujua ameambiwa nini.

Kavetsa alisimama mbele, akaeleza yote kama alivyoelezwa: kuacha, jambo la sasa hivi, neno la korti, na lile "from" linalolifuata nyuma kama ndama. Walubengo aliliandika kwenye debe, akasimama pembeni akilitazama kwa furaha ya mtu aliyeletewa mgeni nyumbani.

"Sasa tulitumie," alisema. "Kila mtu aniambie kitu ambacho hakiachi, nami nitawapa Kiingereza chake."

"Mbwa wa Bwana haachi kubweka," alisema mmoja.

"Maksai wangu, yule mwekundu, haachi kula mahindi ya shamba," alisema Kimutai.

"Mama mkwe wangu," alianza Jepkosgei, na kabla hajamaliza wanawake wote walishaangua kicheko.

Walubengo aliwaonyesha jinsi Kiingereza kinavyokataa. Kiswahili, alisema, kinaingiza kukataa ndani ya tumbo la neno, lakini Kiingereza kinaweka neno zima la kukataa, "not", linasimama peke yake katikati, na ukiliondoa sentensi inageuka. Wakafanya mazoezi. I will desist: nitaacha. I will not desist: sitaacha. Sauti zao za Kiluhya na za Kinandi zililigonga lile neno hadi likaanza kuwa laini mdomoni, na kwenye makabila yote lilitoka tofauti, lakini lilitoka.

Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba wakati huo huo walikuwa wanavunja amri. Hakukuwa na haja. Sasa kila mtu alijua ameambiwa nini, na kila mtu alikuwa amekaa.

Memsaab ndiye aliyepeleka habari. Hakuwa na nia mbaya. Aliitoa mezani kama kichekesho, kwamba dobi alimuuliza maana ya "desist" naye akamfundisha mpaka matumizi yake. Mpishi, aliyekuwa akizungusha sahani, alisema baadaye kwamba Bwana Hallam aliweka uma chini na hakuushika tena.

Jumatatu asubuhi kengele ya kazi ililia mapema, wakati umande bado ulikuwa mzito. Watu wakapangwa uani mbele ya stoo, waliokamua, waliolima, wa ghala na wa nyumba kubwa. Elphas alikuwa mstari wa wakamuaji, ndoo mkononi. Bwana Hallam alisimama barazani, na Memsaab alikuwa nyuma ya dirisha, pazia limefunguka kidogo.

"Dobi," aliita. "Kuja hapa."

Kavetsa akatoka kwenye mstari, akaenda mpaka chini ya ngazi za baraza.

"Mimi nasikia wewe najua neno yangu sasa. Ni nini?"

"Ni kuacha, Bwana. Kuacha jambo unalolifanya, ukiamriwa."

"Mzuri. Memsaab nafundisha wewe mzuri." Akawatazama watu wote. "Hii watu yote nataka kusikia Kiingereza. Basi leo mimi ndiyo mwalimu. Mimi nasema, wewe nasema nyuma yangu. I will desist."

Kavetsa alielewa kilichokuwa kinafanyika. Alikuwa ameletwa pale alifunge darasa kwa mdomo wake mwenyewe, kwa Kiingereza chake mwenyewe, mbele ya wote waliomwona akisimama mbele ya debe. Akimaliza, angeambiwa arudi kwenye mstari, na hakuna ambaye angeketi tena kwenye banda lile bila kuona haya. Aliutazama uso wa Elphas. Elphas alikuwa anamwomba kwa macho: sema, yaishe, twende kazini.

"I will," alianza Kavetsa.

Bwana Hallam alitikisa kichwa kumpa moyo.

"I will not desist."

Ua wote ukanyamaza. Hata ng'ombe zizini, alisimulia Jepkosgei baadaye, lakini Jepkosgei alipenda kuongeza chumvi.

Mwanzoni Bwana Hallam alidhani Kavetsa amekosea. Alisogea mbele, akainama kidogo, akalitamka kila neno pekee, kama mtu anayemsemesha kiziwi. "No, no. I. Will. Desist."

"I will," alisema Kavetsa, naye akalitenga kila neno kama alivyofundishwa. "Not. Desist." Akavuta pumzi, akakumbuka kilichobaki. "From learning."

Mtu fulani katika mstari wa walima alitoa sauti ya kukohoa ambayo haikuwa kikohozi. Hapo ndipo uso wa Bwana Hallam ulipobadilika, kwa sababu alitazama mstari mzima na akaona kwamba wanajua. Hawakuwa wanasubiri mtu awatafsirie. Walikuwa wamesikia sentensi ileile aliyoisikia yeye, kwa wakati uleule.

Alimgeukia Walubengo. "Wewe, karani! Sema!"

Walubengo alikuwa na mke nyumbani ambaye alikuwa amejifungua wiki ile. Kipande, cheti chake cha kazi, kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake ndani ya kikopo chake, na mzungu akikiandika vibaya, hakuna shamba lingine ambalo lingempokea kuanzia pale hadi Moiben. Alitazama viatu vyake.

"I will desist, sir," alisema.

Hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyemtazama.

"Umesikia?" Bwana Hallam alimwambia Kavetsa. "Mwalimu yako naacha. Wewe peke yako iko kichwa ngumu. Jua kabla hajaanguka, mimi hapana taka kuona wewe kwa shamba yangu. Wewe, na bwana yako."

Nyumbani Elphas alianza kufunga vitu, sufuria, blanketi, jembe, na kila alichokishika alikishika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nje, mahindi yao kwenye kishamba walichopewa yalikuwa yametoa ndevu tu, bado hayajakomaa. Alipoyatazama ndipo alipolipuka.

"Neno moja, Kavetsa! Neno moja la watu wengine. Ungelisema kama alivyotaka, ungekuwa umepoteza nini?"

"Ningekuwa nimetabasamu tena," alijibu.

Elphas hakuelewa, na ilimbidi Kavetsa amweleze. Alimweleza habari ya hospitali, yote, hata lile tabasamu, hata mikono miwili. Alieleza akiwa amepiga magoti anafunga kamba kwenye mzigo, bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya nguo zilizofuliwa. Elphas alikaa kwenye kizingiti.

"Ulinyamaza nalo miaka yote hii," alisema.

"Nilikuwa sijapata la kusema."

Jepkosgei alikuja na punda wa mume wake, ingawa hakuombwa na mume hakuulizwa. Wakapakia mizigo. Walitoka shambani kwa njia kubwa, si kwa vichochoro, na walipopita mbele ya nyumba kubwa Kavetsa alinyoosha mgongo na hakuharakisha mwendo. Pazia la Memsaab lilikuwa limefungwa kabisa.

Eldoret, ambayo wazee bado waliiita Sisibo, iliwapokea vibaya mwanzoni. Walilala kwa ndugu wa kanisani katika lokesheni, mtaa wa Waafrika, chumba kimoja na watu wengi, mpaka Elphas akapata kazi ya kupakia magunia stesheni ya reli. Kavetsa alianza kufua nguo za makarani wa Kihindi. Hakulalamika na hakujuta, au kama alijuta hakumpa mtu nafasi ya kulijua.

Jumapili ya kwanza aliamka, akaoga, akavaa gauni lake la kanisani.

"Unaenda wapi?" aliuliza Elphas. "Banda amelibomoa. Nimesikia stesheni. Ameng'oa mabati yote."

"Barabara hajaing'oa."

Kimutai ndiye aliyewaza habari ya barabara, akamtumia Kavetsa ujumbe mjini. Alikuwa amelima kandokando ya shamba lile miaka mingi, na alijua kwa hakika jembe linaishia wapi. Nje ya waya wa shamba, kabla ya kufika kwenye njia ya magari ya kwenda Moiben, palikuwa na kipande kirefu cha nyasi na mtaro. Ng'ombe wa Bwana Hallam hawakuruhusiwa kukilisha, kwa kuwa kilikuwa cha serikali. Kavetsa alipofika miguu ikiwa imejaa vumbi, alimkuta Kimutai amekaa hapo, na Jepkosgei, na wanawake wawili wa ghala, na mzee mmoja wa kanisa. Wengine hawakuthubutu. Debe lao lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo ya waya, upande wa serikali.

Hawakuwa na mwalimu. Walikaa, wakatazamana, wakacheka kidogo kwa aibu. Kisha Kavetsa alisimama akawauliza maneno waliyokuwa wanayajua, wakayataja moja moja hadi yakaisha, na yalipoisha wakayarudia. Walikuwa bado wanarudia Walubengo alipotokea. Alikuwa anakuja kwa barabara, kutoka mbali kabisa, amezunguka shamba zima asipite ndani yake. Alipowafikia alisimama ng'ambo ya mtaro kama mtu asiyejua kama atakaribishwa.

"Nilisema nitaacha," alisema. "Niliapa mbele yenu wote."

"Tulikusikia," alisema Jepkosgei, bila huruma.

"Alikuwa barazani kwake, nami nilikuwa uani kwake. Kule nimeacha." Alimeza mate. "Hapa si kwake."

Jepkosgei alifikiri kidogo, akampakata mtoto. "Basi ruka mtaro, mwalimu. Jua linakwenda."

Akaruka.

Bwana Hallam alijua kabla wiki haijaisha. Jumapili iliyofuata alikuja askari polisi kwa baiskeli kutoka mjini, mtu mzima, mstahimilivu, jasho likimtiririka chini ya kofia. Aliuliza kama huo ni mkutano, maana mkutano unahitaji ruhusa. Kavetsa akamwambia ni masomo. Aliuliza kama wanazuia njia, maana ameripotiwa kwamba njia imezuiwa. Wakati anauliza ilipita lori la mahindi, upesi, bila kugusa hata honi. Askari alilitazama mpaka likapotea. Kisha alitazama debe, akatazama maandishi, akasogea karibu, midomo yake ikitembea kimyakimya.

"Hiyo inasemaje?" aliuliza.

Walubengo akamsomea neno lililokuwa pale. Askari alilirudia mara moja, chini ya pumzi. Halafu akakumbuka kazi yake, akakohoa, akawaamuru wasogee mbali na mtaro, karibu na waya, ili asiambiwe kwamba hakufanya kitu, akapanda baiskeli yake.

Wakasogea karibu na waya. Baada ya hapo Bwana Hallam mwenyewe alichukua desturi ya kupita na gari lake saa ya darasa, kwa kasi, akienda akirudi, ili vumbi liwafunike. Watu walijifunga leso puani, wakangoja litulie, Walubengo akafuta debe kwa kiganja, wakaendelea pale walipofikia. Mwisho wa mwezi Walubengo alifukuzwa kazi. Alienda kufundisha kwenye kanisa dogo mjini, kwa malipo ya mayai na unga, na Jumapili alitembea kurudi barabarani kama wengine. Kavetsa na Elphas hawakupata kuyavuna mahindi yao. Kuna waliosema kwamba kwa hesabu zote Bwana Hallam alishinda, na Kavetsa hakubishana nao. Aliwauliza tu kama Jumapili watakuja.

Walikuja. Siku moja, baada ya mvua ndefu, nyasi zikiwa bado na maji, walikuwa wengi hivi kwamba mstari ulifuata mtaro hadi kwenye kona. Elphas alikuwa hapo, amekaa mwishoni kabisa, ameshika kofia, hataki kuulizwa lolote. Mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua alisimama barabarani, mzigo wa kuni kichwani, akiwatazama. Alikuwa wa shamba la ng'ambo, kwa mzungu mwingine. Alibaki hapo kwa muda, akitazama mkono wa mwalimu ukipita juu ya debe.

"Mama," yule mgeni alimwita Kavetsa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Shule hii ni ya watu wa shamba hili peke yao?"

"Tua mzigo," alisema Kavetsa, akasogea kumpa nafasi.